Namba Kumi na Saba

Nilifika kiwandani mvua ya Rungwe ikinyesha bila kuvuta pumzi.
Karatasi ya kazi ilisema, kwa wino uliolowa:
simu ya ndani, namba kumi na saba, banda la mizani. Imekufa.

Simu haifi hivihivi.
Inaugua mahali.

Meneja akasema, tununue mtambo mpya.
Mpishi akasema ni ile radi ya Jumanne, yeye aliiona ikiingia.
Subilaga wa uhasibu hakusema neno.
Alikuwa anakausha kwenye hita karatasi za kilo za majani ya chai
alizoletewa kwa miguu, wino umevuja,
saba zimegeuka moja zinazolia.

Nikafungua kabati la mtambo. La kijivu, kubwa kwangu kwa umri,
feni yake inakoroma kama mtu aliyelala chali.
Umeme unaingia. Betri zimevimba kidogo, lakini zinashika.
Taa za kadi: kijani, kijani, kijani,
na moja ya njano isiyojua inataka nini.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea,
wanaifuata ile ya njano.
Ugonjwa hautafutwi kila mahali. Unaikata njia nusu kwa nusu
na kila nusu unaiuliza, ni wewe?

Nikachukua simu ya mapokezi, nikaichomeka tundu la kumi na saba.
Ikatoa ule mlio wake mrefu, bila aibu.
Basi mtambo hauna hatia.
Nikashuka bandani, nikaibeba simu ya mizani kifuani kama mtoto,
nikaichomeka mapokezi. Nayo ikalia.
Basi simu haina hatia.
Ikabaki waya: mita mia mbili na themanini,
juu ya nguzo za mlingoti, chini ya migomba,
hadi kwenye kisanduku nyuma ya chumba cha kukaushia.

Bisibisi. Skrubu nne, moja imeota kutu.

Sisimizi.
Kisanduku kizima, na mayai yao kama chenga za mchele.
Volti arobaini na nane, ambazo kwetu ni sauti,
wao walizifanya jiko.
Nani awalaumu, Julai hii, Tukuyu hii?
Ila shaba walikuwa wameila, imeota ukungu wa kijani.
Nikawahamisha kwa mswaki mkuukuu na spiriti,
nikiwaomba radhi kimoyomoyo,
nikakata palipooza, nikamenya waya mpya, nikabana.

Nikapiga kumi na saba.
"Haloo," akaitika Anyandwile, karani wa mizani,
kwa sauti ya mtu aliyepewa bili.
"Unanisikia?"
"Nakusikia," akasema.
Akanyamaza. "Vizuri mno."

Sikuelewa. Wiki tatu alikuwa anapanda kile kilima
mara nne kwa siku, karatasi ndani ya koti,
mwavuli mmoja wenye mbavu iliyovunjika.
Nilidhani nimempumzisha.

Alhamisi wakaniita tena. Kumi na saba, imekufa.

Safari hii kabati sikuligusa. Nikaenda moja kwa moja nyuma.
Kisanduku kikavu. Hakuna sisimizi, hakuna kutu,
skrubu zote nne zimekazwa kwa adabu.
Waya mmoja tu umetoka kwenye meno yake,
umenyooka, safi,
umechomolewa na vidole vinavyojua vinachofanya.

Kwenye dirisha la uhasibu, mwavuli ule unachuruzika kando ya hita.
Vikombe viwili vya chai.
Karatasi ya kilo ipo katikati yao, hakuna anayeisoma,
na Subilaga anacheka, kiganja mdomoni,
kicheko ambacho hakuna waya ungekibeba chote.

Nikasimama na bisibisi yangu, maji yananiingia shingoni.

Daftari la matengenezo lina safu ya chanzo.
Nikaandika: unyevu.
Safu ya tarehe ya kumaliza kazi
nikaifikiria kidogo,
nikaandika: mvua zikikoma.